Kontena Namba Tatu

Sikatai, nilikuwa na wivu, na sababu nilikuwa nayo. Mume wangu alikuwa akivuka mpaka pale Kilambo kwenda kuuza vitenge na sabuni upande wa pili, na safari moja alirudi akinisalimia kwa Kireno. Asubuhi, mbele ya uji! Kisha akaanza kuja kazini kwangu kila baada ya sala ya alasiri, eti anajifunza kupiga taipu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la intaneti Mtwara mjini, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Tulikuwa na kompyuta moja yenye nguvu, na mimi ndiye niliyeigawa kwa ndani ikawa kontena sita. Kila mteja aliketi kwenye skrini yake, akapata mfumo wake kamili, utadhani kompyuta yote ni yake. Ila kontena liliandika kwenye kumbukumbu ya muda tu. Likifungwa, au umeme ukikatika, kila kitu kinapotea, na linawaka upya likiwa safi. Virusi vya flashi za watu vikakoma. Bosi alinisifu mpaka nikavimba kichwa.

Basi uzuri wa kazi yangu ukanigeukia. Kontena namba tatu, alilopenda mume wangu, nililifungua mara ngapi akishaondoka! Jeupe pe. Wateja wengine walikuja na flashi za kuhifadhia kazi zao, yeye hakuwahi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeshalowa. Nilitaka kujua jambo moja tu: nina mume, au nina mpangaji?

Siku moja nikachoka kubahatisha. Nikamimina chai ya rangi, nikaenda nayo taratibu nyuma ya kiti chake. Mwanafunzi wangu wa taipu alikuwa anachapa kwa vidole vyote kumi, huku anacheka peke yake. Kabla sijamfikia, umeme ukakatika.

Duka zima likapiga yowe. Mwalimu aliyekuwa akitunga mtihani akashika kichwa.

"Mama wee! Kazi yangu ya tangu asubuhi!"

Mume wangu peke yake akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi."

Chai ikanimwagikia mkononi, wala kwa hasira sikuhisi moto wake.

Umeme uliporudi, kontena namba tatu likafunguka bila hata herufi moja. Nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwake.

"Pole, baba. Andika tena. Nipo hapa, nitakuhifadhia."

"Aa, haikuwa kitu, mke wangu. Nilikuwa najaribujaribu tu."

"Hichohicho. Hata mstari wa kwanza."

Akaweka vidole juu ya herufi. Akaitazama skrini, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilimsubiri. Nilikuwa tayari kupokea uongo wowote ule, hata bei za vitenge.

"Nimesahau," akasema.