Jeni, Siyo Jini

Siku yangu ya kwanza kufundisha biolojia hapa Tabora, mkuu wa idara alinikabidhi chaki na kuniambia, "Binti, maliza silabasi, usiwachanganye watoto." Nilidhani ni utani. Ninyi vijana mnaoanza kazi, mtaambiwa hivyohivyo.

Mada niliyoipenda ilikuwa kuchanganua jeni zinazofanya kazi. Kila seli ina jeni zote, lakini haizitumii zote. Jeni inayotumika hutoa nakala ziitwazo RNA. Ukizipima nakala hizo unajua ipi iko macho na ipi imelala. Mashine hatukuwa nayo. Niliwachapishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza majibu ya vipimo, wakayasoma kwa rula na penseli. Mfano wangu ulikuwa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe za damu: jeni ya damu ya kichanga hulala baada ya mtoto kuzaliwa, na ipo dawa inayoiamsha, mgonjwa akapata nafuu.

Zena, mwanafunzi wangu, alikuwa akiitumia dawa hiyo. Alirudi nyumbani, mtaa wa Isevya, akamsimulia baba yake, fundi cherehani, kwa furaha. Sasa, chuoni tunafundisha kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza jeni hutamkwa "jini". Baba akasikia kwamba mwanawe ana jini lililolala na vidonge vinaliamsha. Nani asingeogopa?

Alikuja chuoni kuuliza, kwa adabu zake zote. Mkuu wa chuo hakuniita, na nilikuwa darasa la jirani na ofisi yake! Alimwambia mada imefutwa, kisha akanijia: "Iruke hiyo, Mama. Sitaki kelele za wazazi." Hadi leo nikiikumbuka kauli hiyo damu inanichemka.

Zena akaacha kuja. Nilipomfuata nyumbani, baba yake alikuwa ameshatupa vidonge. Nikamweleza neno kwa neno. Akasema, "Mwalimu, mkuu alisema mmelifuta somo. Nikajua basi, ni jini kweli."

Tulimrudisha Zena kliniki, lakini tulichelewa. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mkuu huyo wa chuo alinipa mkono huku akicheka. "Mama, yale yamepita, tuyasahau."

Sikuupokea. Nikamwambia mbele ya wageni wote, "Zena anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nenda Isevya ukamwambie yeye asahau."