Tulivyoingia Ukweni Mara Tano kwa Amri ya Mchoro

Nateete siku hizi sipiti nikiweza kuzunguka, maana kuna watu kule wakiniona wanaziba mdomo kwa kiganja, na siwalaumu, aibu ile nilijichorea mwenyewe kwa kalamu na rula.

Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, mtoto wa mwanajeshi kutoka kaskazini, na wakati ule nilikuwa nimeanza darasa la jioni la kutengeneza programu za kompyuta kule Kyambogo. Wiki ya tatu tu (kompyuta yenyewe hatujaigusa) mwalimu wetu, Madamu Harriet, akatufundisha chati mtiririko: tatizo lolote unalivunja vipande vidogo, kila kitendo unakiweka ndani ya mstatili, kila swali ndani ya umbo la almasi, na kwenye almasi itoke mishale miwili, mmoja wa Ndiyo na mmoja wa Hapana. Nikarudi nyumbani najiona nimekabidhiwa funguo za dunia. Mama akiuliza nani kaacha mlango wazi, namchorea almasi.

Ndipo kaka yangu Okello akataka kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, Waganda wa Nateete, sherehe ile wanayoita kwanjula, ambayo lazima uende na msemaji wa kujibizana na msemaji wao. Mjomba tuliyemtegemea alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago, nami (hakuna aliyenituma) nikasema, "Niachieni mimi. Hili ni tatizo la kawaida, lina suluhisho." Nikachora. Mstatili: Ingieni langoni, salimieni. Almasi: Wameitikia? Ndiyo, toeni zawadi. Hapana... hapo kalamu ikasita, kwa sababu Madamu alisema kila mzunguko, yaani mshale unaorudi ulikotoka, uwe na mahali pa kutokea, lakini karatasi ilikuwa imejaa, na mtu mzima gani anakataa kuitikia salamu? Nikarudisha mshale juu, kwenye mstatili wa kwanza, nikatoa kopi, nikaugawia ukoo mzima.

Siku ikafika, tukaingia watu kumi na wanane, wanaume na kanzu, akina mama na magauni ya gomesi na vikapu vya matunda kichwani. Wenyeji walikubali tuzungumze Kiswahili, maana Kiganda chetu ni cha sokoni. Nikasalimia kwa sauti ya gwaride. Msemaji wao, mzee mwembamba aitwaye Kaggwa, akatazama juu ya vichwa vyetu, akasema, "Leo kuna upepo, eh? Naona hema linatikisika."

(Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba hiyo ndiyo mila, wanakutania kwanza, na wewe unatakiwa utanie.) Nikatazama karatasi. Hawajaitikia. "Tunarudi langoni!" nikaamuru, na ukoo wangu, kopi mkononi, ukageuka, ukatoka, ukaingia tena.

"Kalibuni, ssebo," akasema Mzee Kaggwa, akiniita bwana kwa Kiganda, macho yakimng'aa, "ila salamu hatujaisikia vizuli."

Tukatoka. Mara ya tatu hema zima likapiga makofi, mara ya nne mpiga ngoma alishajua pa kuanzia, na mara ya tano kikapu cha shangazi yangu kikapinduka, nanasi likabingirika mpaka kwenye viatu vya baba wa binti, ambaye peke yake hakuwa anacheka.

"Sema chochote!" Okello akaninong'oneza, jasho likimtoka. "Omba radhi! Singizia mvua!"

"Haimo kwenye chati."

"Yaani nikose mke kwa ajili ya karatasi?"

Baba wa binti akasimama, ngoma ikanyamaza. "Hawa wamekuja kuoa au kufanya mazoezi? Watu wasiojua kuingia nyumbani kwangu, nitawapaje mtoto?"

Nilitamani ardhi inimeze na kanzu yangu. Ndipo mama akanipokonya karatasi, akapita mbele, akapiga magoti, akasema kwa kile kile Kiganda chake cha sokoni, "Baba, mtoto wetu hali wala halali kwa ajili ya binti yenu, tumekuja kuomba. Huyu mwingine msimjali. Anasoma."

Hema likalipuka kwa kicheko, na yule baba naye, nikaona mabega yanamtikisika. Zawadi zikapokelewa, kaka akapata mke, mimi nikapewa kiti nyuma ya masufuria.

Jumatatu nikampelekea Madamu Harriet chati, nikamsimulia yote, nikitegemea pole. Akaisoma, akavua miwani. "Haijakosea kitu," akasema. "Imefanya ulichoiambia. Kompyuta ingeendelea hivyo mpaka umeme ukatike."

Tangu hapo kila almasi naanza na mshale wa Hapana. Na usemaji wa ukweni nimeapa sitaugusa tena: mwakani naoa mimi, na nimeshamwambia mama aseme yeye, mimi nitabeba soda na kufunga mdomo.