Cheche ya Gurnek Singh

Siku ya kwanza kumwona Gurnek Singh, nilikuwa nimemsukumia pikipiki ya marehemu baba hadi karakana yake pale mjini Moga. Ilizimika kila ilipopata moto, na mafundi wa sokoni walikuwa wameshindwa. Kilemba chake alikifunika kwa mfuko wa plastiki kisishike oili.

Alipapasa nyaya, akacheka bila nguvu. "Wamefunga koili ya cheche kama ya pikipiki za kisasa. Hizi za zamani, waya wa chanya ndio huunganishwa na fremu, si wa hasi. Kwetu bwana harusi ndiye hupanda farasi; hapa bibi harusi kapanda farasi, bwana harusi kabebwa kwenye machela!"

Akabadilisha nafasi za nyaya mbili za koili polepole. "Mwanangu ananiita niende kwake Kanada," alisema. "Nimemwambia nitafunga karakana siku nitakaposhindwa kuiona cheche."

Kisha akashika ncha ya penseli kati ya plagi na waya wake. Nikapiga kiki, cheche ikaruka.

"Imewaka zaidi upande gani, wa plagi au wa waya?"

Nilidhani ananipima, nikapiga kiki tena.

"Sema, mwanangu! Unaona haya kama uko ukweni?"

"Wa plagi, baba."

"Basi koili iko sawa."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba macho yake hayakuwa yakitazama penseli. Yalikuwa yameelekea ukutani.

Injini ilinguruma hadi ikapata moto, isizime. Gurnek alikaa juu ya kreti, akanitilia ile penseli mfukoni mwa shati.

"Wakikuuliza kwa nini nimefunga karakana," akasema, "waambie nimechoka."