Kidude Kilichonyamaza Njia ya Nizwa

Kila Alkhamisi kabla ya saa mbili asubuhi, Bi Rahila alikuwa keshasimama kando ya kituo cha mafuta cha Ibra, mfuko wa kofia kwapani, macho kwenye barabara itokayo Sur. Jirani yake Mabruka alimtania kwamba uzee umemgeuza tanboi wa gari la samaki. Rahila alicheka naye. Hakumwambia kwamba tangu mwanawe atie kile kidude garini, kukaa nyumbani na kumngoja kulimshinda.

Nadhir alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minne. Wengine wawili aliwazika Tabora wangali wachanga, kabla ya yeye na mumewe Obaid kuhamia Oman mwaka wa sabini na nne na huyo mmoja aliyebaki. Obaid alikuwa dereva wa lori kule, akawa dereva wa lori huku, mpaka kisukari kilipommaliza. Nadhir akanunua pikapu, akaingia kazi ya samaki. Alfajiri alipakia Sur, nguru na jodari na changu, akawafunika kwa barafu iliyopondwa na magunia yaliyoroweshwa, akapita Ibra kumchukua mama yake na kofia alizokuwa akizidarizi kwa duka moja la Nizwa, kisha akashika njia ya Sinaw. Ilibidi afike Nizwa kabla ya adhuhuri. Musabbah, mwuza samaki wa huko, alikuwa akifunua gunia na kumtazama samaki jicho, na likiwa limeingia ukungu hasemi neno. Anafunika tu, anampa mtu mgongo.

Ndiyo sababu Nadhir alikimbia. Na ndiyo sababu mwaka ule wa themanini na sita ulipoanza, polisi walikuwa wameshamnasa mara mbili kwa mashine yao ya rada, waliyoisimamisha juu ya miguu mitatu nyuma ya migunga. Walimwambia kwamba mara ya tatu leseni itabaki kwao.

Kidude aliletewa na binamu yake Abdullatif, aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Kilikuwa kisanduku cheusi, kama nusu ya mche wa sabuni, chenye taa moja nyekundu. Kikinusa rada mbele kinalia tii, tii, tii, na kadiri unavyoikaribia ndivyo kinavyoharakisha. Waarabu walikiita kashifu, yaani chenye kufichua. Polisi wakikiona walikichukua, kwa hiyo madereva walikificha ndani ya boksi la tishu, lile linalokaa mbele ya kioo katika kila gari. Nguo ya kulivika boksi la Nadhir aliishona Rahila mwenyewe, kwa matundu yale yale ya kofia. Nadhir alimwomba aache matundu mengi upande wa mbele, naye akaacha bila ya kuuliza. Alipojua ni ya nini, kidude kilikuwa kimeshaingia ndani.

Gari lilikuja na kengele yake ya kiwandani, inayogonga sindano ya mwendo ikipita mia na ishirini. Nadhir aliikata waya. Akasema, kengele mbili katika gari moja ni kelele.

Madereva walipokutana Ibra kutia mafuta walizungumza habari za vidude vyao kama wanawake wanavyozungumza habari za dhahabu. Cha huyu kinanusa mbali, cha yule kiziwi. Sleyum, mwenye teksi ya Ibra na Nizwa, alikuwa na chake pia.

"Changu kina wazimu," alisema asubuhi moja, ameegemea dirisha la Nadhir. "Juzi kimelia mbele ya mnara wa simu. Nikatambaa, arubaini, arubaini, mpaka abiria akaniuliza, Sleyum, leo una homa?"

"Na kikinyamaza?" aliuliza Rahila kutoka upande wa pili.

"Kikinyamaza, Bi Rahila, njia yote yako. Unakwenda utakavyo."

Jibu lile lilimkaa Rahila kifuani. Alikuwa amekaa miaka mingi ubavuni mwa Obaid, na Obaid akiwashiwa taa na gari linalokuja mbele, mguu ulitoka kwenye mafuta kabla ya mdomo kusema kitu. Ndivyo walivyofanya madereva wote wa njia ile. Anayetoka mbele ameona, anayekwenda hajaona, basi anamwashia taa mara mbili tatu, naye anapunguza. Huenda ni polisi, huenda ni ngamia katikati ya lami, huenda ni lori limelala. Utajua ukifika. Lakini tangu vidude viingie, Rahila aliona Nadhir akiwashiwa taa hutazama kwanza boksi la tishu. Likiwa kimya, mguu hautoki.

Alkhamisi moja ya mwezi wa pili walipita Sinaw saa tatu unusu. Siku ile Nadhir alikuwa amechelewa kupata barafu Sur, akawa anakimbizana na saa. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata kipande cha wingu, na pande zote mbili za barabara ni changarawe na migunga. Rahila alikuwa na kofia mkononi lakini hakudarizi. Alitazama sindano ya mwendo. Ilikuwa mia na ishirini na tano.

Gari la kwanza lililotoka mbele lilikuwa teksi. Likawasha taa mara tatu.

Nadhir akatupia jicho boksi la tishu. Kimya. Sindano haikushuka.

"Umewashiwa taa," alisema Rahila.

"Nimeziona, mama."

"Mbona hupunguzi?"

"Pangekuwa na rada, hiki kingelia. Wanatusalimia tu."

"Unamjua yule?"

"Simjui."

"Basi anakusalimia nini?"

Nadhir akacheka. "Mama, wallahi wewe ungekuwa polisi, sisi sote tungekwenda kwa miguu."

Gari la pili lilikuwa pikapu ya Mbedui, mbuzi wamejaa nyuma. Naye akawasha taa, akatoa na mkono nje ya dirisha, akausukuma chini, chini. Nadhir akamjibu kwa honi. Boksi la tishu lilikuwa kimya. Rahila aligeuza shingo kuwatazama mbuzi wanavyopita, na hapo akaona kitu ambacho hakukielewa mara moja. Miguu ya wale mbuzi ilikuwa mikavu, lakini milango ya pikapu ilikuwa na tope, tope bichi, limefika mpaka kwenye vishikio.

Akatazama barabara. Kavu, inametameta kwa jua. Tangu Ramadhani haijaanguka mvua huku.

"Nadhir, gari lile limeroa."

"Ameliosha."

"Mtu anaosha gari kwa tope?"

"Mama, samaki wanaoza. Naomba leo usinihesabie magari ya watu."

Alisema kwa adabu, lakini mikono yake iliushika usukani kwa nguvu zaidi, na sindano ikafika mia na thelathini. Rahila alijua sauti ile. Ni sauti ya Obaid alipokuwa keshaamua. Ukimwambia tena punguza, atasema inshallah, na mguu utabaki pale pale.

La tatu lilikuwa tangi la maji. Liliwasha taa kutoka mbali na halikuzizima. Lilipopita, Rahila aliona magurudumu yake yanachuruzika, na nyuma yake limeacha michirizi miwili ya maji juu ya lami. Mbele barabara ilipanda mwinuko mdogo, na ng'ambo ya mwinuko hapakuonekana kitu.

Kuuvuta usukani hakuthubutu. Kupiga kelele kungemshtua kijana. Neno moja tu ndilo ambalo mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kulibishia.

"Simamisha gari," alisema. "Nataka kushuka."

"Hapa? Mama, dakika ishirini tu kuna kituo cha mafuta..."

"Sitafika huko. Nimebanwa. Simamisha, mwanangu, usinifedheheshe."

Nadhir akaona haya, uso ukamwiva. Akapunguza, akatoka kwenye lami, akasimama kwenye changarawe chini ya mwinuko, kisha akageuza uso upande wa pili kumpa mama yake stara.

Rahila akashuka. Hakwenda nyuma ya migunga. Alishika njia kuelekea juu ya mwinuko, leso imemlegea kichwani, na kabla hajafika alisikia mngurumo kama wa malori mengi yanayopanda mlima pamoja.

"Mama, unakwenda wapi?" Nadhir aliita nyuma yake. Kisha akamkimbilia.

Walifika juu karibu pamoja. Chini yao wadi, bonde la mto ulio mkavu mwaka mzima, ilikuwa inakuja, maji yanazidi. Barabara iliteremka moja kwa moja ikaingia ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kama uwanja, yamebeba magogo ya mitende, mapipa, mlango wa banda la mtu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, mbali ambako hawakuweza hata kuona mawingu yake. Ng'ambo ya pili watu walikuwa wamesimama kando ya magari yao. Mmoja alikuwa akiwapungia mikono yote miwili, akiwarudisha.

Nadhir alipima kwa macho kutoka pale juu mpaka ukingo wa maji. Palikuwa na hatua themanini, labda mia. Pikapu yenye mzigo wa samaki na barafu, kwa mia na thelathini.

"Isingesimama," alisema kwa sauti ndogo.

Rahila alikuwa ameshageuka. Nyuma yao, kutoka upande wa Sinaw, gari jeupe lenye ubavu wa rangi ya chungwa lilikuwa linakuja, na kwa jinsi lilivyokuwa likikua alijua mwendo wake.

"Sleyum huyo," alisema. "Nenda ukawashe taa. Kimbia."

Nadhir akateremka mbio, akaingia garini, akaligeuza likatazama Sinaw, akaliingiza lamini nusu, akawasha, akazima, akawasha. Teksi haikupunguza. Rahila aliona kabisa kwa nini haikupunguza, kama kwamba amekaa ndani yake. Sleyum ameziona taa, ametazama kidude chake, kidude kimya, na pikapu anaijua ni ya Nadhir, basi ni masihara ya Nadhir.

Akaivua leso, akateremka hatua chache, akasimama katikati ya barabara, akaipunga. Kichwa kilibaki na kitambaa chembamba tu cha ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wanaume tangu avunje ungo. Alimsikia Nadhir akimwita jina lake, Rahila, si mama, kwa woga. Hakuondoka. Alikuwa akiomba dua lakini maneno yalimpotea akabaki na Ya Rabbi, Ya Rabbi.

Matairi yalilia. Teksi ikampita ubavuni, upepo wake ukamsukuma, ikatoka nje ya lami, ikapanda mwinuko kwa upande huku inatupa changarawe, ikazunguka, ikasimama pale juu, pua imetazama walikotoka.

Vumbi lilipotulia Sleyum alishuka kwa hasira. Ndani abiria wawili wanaume walikuwa wakitaja Mungu, na bibi mmoja wa Bahla alikuwa amekumbatia kapu lake.

"Bi Rahila, unataka kunitia kifungoni? Ningekuua hapa, watoto wako ningewaambia nini?"

"Nina mmoja tu," alisema Rahila. "Geuka nyuma, Sleyum."

Sleyum akageuka. Akatazama maji muda mrefu. Kisha akachuchumaa pale pale kwenye changarawe, mikono kichwani.

"Hukuziona taa zangu?" aliuliza Nadhir, amefika anahema.

"Niliziona."

"Basi?"

"Kidude kimya," alisema Sleyum. "Hakikulia."

"Changu pia."

Hawakutazamana. Bibi wa Bahla akashuka, akamfunika Rahila leso mwenyewe, akamfunga vizuri chini ya kidevu kama mtoto.

Nadhir aliiegesha pikapu kabla ya mwinuko, taa zote zinawaka, na mchana kutwa yeye na Sleyum walisimama lamini wakiwazuia watu. Wadi haikupungua mpaka alasiri. Barafu iliyeyuka ikachuruzika kutoka nyuma ya gari, nzi wakaja. Nadhir aligawa samaki kwa waliokwama, nao wakawaoka juu ya kuni za migunga, na samaki waliobaki wakamwagwa. Kwa Musabbah hapakuwa tena na la kumwambia.

Rahila alikaa kivulini, kofia magotini. Sindano ya kudarizi alijaribu kuitia uzi mara nyingi, akaiacha. Nadhir alipokuja kukaa karibu naye alinuka moshi na samaki.

"Mama, ulijuaje?"

"Nilitazama magari. Wewe ulikuwa ukitazama boksi."

Nadhir akatazama magari yaliyokwama. Kisha akasema, "Siwezi kukudanganya nikasema nitakitupa. Wakinikamata mara ya tatu tutakula nini?"

"Sikukwambia ukitupe."

"Unataka nini basi?"

"Ukiwashiwa taa, upunguze. Kilie kisilie. Hata kama ni mwehu anayechezea taa zake. Hilo tu."

"Hata nikichelewa?"

"Hata ukichelewa mpaka samaki waote miguu."

Nadhir alitikisa kichwa kukubali, lakini vijana hukubali mengi wakiwa wametishika, na Rahila alilijua hilo. Wiki nzima alipika, alifua, alisali, na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimwinua kitini.

Alkhamisi iliyofuata alifika kituoni mapema zaidi. Hakusimama penye kivuli. Alitembea mbele kidogo, pahali panapoonekana barabara ya Sur ikija imenyooka kwa mbali. Saa mbili kasorobo akaiona pikapu, ndogo kama kiatu, inakua upesi. Kutoka upande wa Ibra lori la mchanga likampita Rahila kuelekea huko, na dereva wake, ambaye hakumjua na hakupata kumjua, akawasha taa mara mbili.

Rahila alishika mfuko wake wa kofia kwa mikono miwili. Pikapu ilikuwa bado inakua. Akahesabu moja. Akahesabu mbili.

Pua ya gari ikainama. Ilikuja polepole, polepole mno, ikapita punda wawili waliosimama kwenye lami wakitazama upande mwingine, ikasimama mbele yake.

"Shikamoo mama," alisema Nadhir. "Mbona umekuja kusimama juani?"

"Marahaba. Fungua mlango," alisema Rahila, akapanda.