Nilivyomsingizia Ndama

Hata leo maziwa yakifurika na kuungulia mekoni, mimi hutoka nje kwanza. Wajukuu hunicheka, wanasema bibi anaogopa moshi. Siwajibu. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa nimezeeka, na niliowakosea wote wametangulia isipokuwa mmoja.

Tulikaa kijiji cha Daudi, huku juu Mbulu, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na miaka tisa. Cheti cha ubatizo kinasema tisa, mama alishikilia kumi, nami sikuwaingilia. Shangazi Elizabeti, dada yake baba, alikuwa akiishi kwetu na mtoto wake Emanueli, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mume wa shangazi alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge. Kabla ya Emanueli, shangazi alikuwa amezika watoto wawili.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu bado umelala bondeni, mama na shangazi walikwenda kuvuna maharage. Niliachiwa mtoto, na chungu cha maziwa mekoni.

"Usimwache hata kidogo," shangazi aliniambia. "Ukienda kujisaidia, nenda naye."

Maziwa yalikuwa yanaanza kupanda niliposikia lori. Kwetu lilipita labda mara moja kwa mwezi, likitoka Dongobesh na chumvi na vitambaa vya dukani, likinguruma hadi kilima kizima kikaitika. Watoto wote tulikimbilia barabarani kuunusa ule moshi wake, tukiuvuta kwa heshima kama wazee wanavyovuta ugoro. Nikamkalisha Emanueli juu ya ngozi, nikampa mwiko auchezee. Nilijiambia nitakuwa nimerudi kabla hajauchoka.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla ya kilio. Chungu kilikuwa kimelala ubavu, majivu yanafuka, na mkono wa kushoto wa Emanueli, kuanzia kiwiko, ulikuwa umevimba na ngozi yake imelegea kama utando wa maziwa.

Mayowe yangu yaliwaleta mbio. Shangazi akamnyakua mtoto. "Imekuwaje? Wewe, imekuwaje?"

Siku zile ndama walilala ndani pamoja nasi, nyuma ya ukuta wa fito, na siku hiyo alikuwamo mmoja mwekundu, amefungwa kwa sababu ya mguu mbovu. Nilimwona akinitazama.

"Kamba ya ndama ilifunguka," nikasema. "Akakipiga chungu teke."

Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Walitoka mbio na mtoto kwenda zahanati ya misheni, nami nikabaki nyuma, nikaifungua kamba kwa mikono yangu, ili wakirudi wakute nilivyosema. Sikufikiri ile kamba ilifungwa na nani. Aliifunga mama.

Emanueli alipona, ingawa vidole viwili vilishikana na havikuachana tena. Walioumwa kwa muda mrefu ni wale wanawake wawili.

"Wifi, nisamehe," mama alisema. "Nadhani niliifunga kwa haraka."

"Kamba ni yako, mtoto ni wangu," shangazi alijibu. Kuanzia siku hiyo walipika chungu kimoja bila kusemezana. Ndama wa watu akapelekwa Mogitu kwa mjomba. Nilimwona akiondoka akichechemea, nikajificha nyuma ya ghala.

Jioni baba alipotuongoza Baba Yetu, tukifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, sauti ya shangazi ilikatika. Ilirudi mbele kidogo, kwenye vishawishi. Hakutaka kumdanganya Mungu. Mimi, niliyekuwa mwongo wa nyumba ile, nilisali sehemu zote, tena kwa sauti kubwa.

Wakati huo nilikuwa nasoma mafundisho ya kuungama. Katekista wetu, mwalimu Paulo, alikuwa mtu mrefu mwenye kupenda maswali. Siku moja akatuuliza, "Ukiiba jembe la jirani, ukaungama kwa padre, Mungu akakusamehe, jembe likae wapi?"

"Lirudishwe!" wenzangu wakaitika wakicheka. Mimi sikucheka. Nilijua kilichokuwa mikononi mwangu ni cha nani.

Nilimkuta shangazi shambani akichimba viazi, Emanueli mgongoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Lakini tumeshaamkiana leo. Una nini?"

Nikasema yote, lori na mwiko na kamba, macho yangu kwenye miguu yake iliyojaa udongo.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

Akaendelea kuchimba mpaka mwisho wa tuta. Nilisimama pale pale, maana sikuwa na pa kukimbilia. Kisha akaketi chini akalia, na nilichomsikia akisema hakikuhusu mkono wa mtoto. Alisema, "Miezi mitatu namnyima mwenzangu hata salamu."

Aliposimama alifungua kaniki, akamshusha Emanueli, akaniambia nigeuke. Akamfunga mgongoni kwangu.

"Mpeleke nyumbani."

"Mimi, shangazi?"

"Kuna mwingine hapa? Nimekusamehe. Nenda taratibu pale kwenye mawe ya kijito."

Muda mfupi baada ya mimi kufika, naye alifika. Aliingia moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti. "Wifi, sasa ni mimi wa kuomba." Nikaisimulia habari yangu mara ya pili. Mama hakunichapa siku ile. Alinichapa kesho yake, alipokumbuka. Siku ile alikaa tu, mikono mapajani. "Kumbe niliifunga vizuri," akasema. Akarudia, "Niliifunga vizuri," na shangazi akamshika mabega.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi alinisamehe kwa wepesi, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Niliwahi hata kuwaambia wanangu hivyo. Lakini tulipomzika, mama alinieleza alichoambiwa na shangazi mwenyewe. Siku ile, nilipoondoka shambani na mtoto, shangazi aliacha viazi vyake akanifuata kwa mbali, akijificha nyuma ya ua wa minyaa. Kwenye mawe ya kijito alijiuma mdomo ukatoka damu, asije akaniita. Alijua akiniita, sitaamini tena kwamba nimesamehewa.

Nami nilikuwa nimemaliza njia nzima nikiimba nyimbo za kanisani, nikidhani tuko wawili tu, mimi na Emanueli.