Dawa Iliyoitwa Haipo

Studio ya baba ilinuka siki, vumbi la Voi na mkate uliolowa. Ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni, miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka tisa. Siki ilitoka kwenye dawa za kusafishia picha. Mkate ulitoka kwenye tangi la vioo ambalo baba aliliagiza Mombasa, likaja kwa treni pamoja na samaki kumi na wawili wekundu, ili wateja wapigwe picha wakiwa wameketi kando yake. Watu wa reli na wa mashamba ya mkonge walijaa pale kila mwisho wa mwezi. Wakingoja zamu, waliwatupia samaki mkate, na baba hakuwakataza kwa kuogopa kuwaudhi.

Maji aliyabeba mama. Aliyateka kwenye bomba la landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na yalikuwa yametiwa dawa kali ya kuua vijidudu, ambayo huua samaki pia. Baba alijua kuitoa. Alichukua punje za ile chumvi inayozuia picha isififie, ambayo kwa jina lake la Kizungu aliiita haipo, akazikoroga ndani ya ndoo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Wakesho, dawa unayo mkononi, na bado unasema haipo?" Alikuwa mcheshi wakati huo. Alitaka kitu kimoja tu: picha yake na mimi kando ya samaki, ampelekee mamake kwao Sagalla. Baba alimwambia filamu ni ya wateja, angoje.

Wiki ya tatu samaki walianza kuhema juu juu, midomo ikitafuta hewa. Baba akaongeza haipo. Mama aliinamia tangi, akanusa. "Haya maji yana mkojo," alisema. "Wanakula kupita kiasi na wanakojoa humo humo. Punguza haya, nilete mengine, na huo mkate ukome." Alisema kweli tupu. Haipo iliondoa dawa ya bomba. Sumu ya uchafu wa samaki wenyewe haikuigusa. Lakini baba alimjibu mbele ya wateja, "Wewe mtu wa Sagalla, maji kwenu mnayaona kwa bahati. Utanifunza mimi maji?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, ili nionekane niko upande wa wakubwa. Mama alichukua ndoo yake tupu akatoka.

Samaki waliisha kwa siku nne. Baba alilifunika tangi kwa gunia, na mama alipouliza tena habari ya picha, aliambiwa hakuna tena samaki wa kupigwa nao. Nilipofika miaka kumi na miwili, homa ilimchukua mama. Baba sijamsamehe, wala sijajisamehe mimi kwa kile kicheko.

Sasa mjukuu wangu ana tangi lake sebuleni. Hununua dawa ya maji dukani, na ana kichupa cha matone yanayogeuka rangi kumwonyesha ile sumu ambayo mama aliijua kwa pua. Juzi alifungua boksi la picha ambazo wateja wa baba hawakurudi kuzichukua. Wamekaa humo watu nisiowajua, kando ya samaki wetu na maji aliyoyabeba mama, na hawajafifia hata kidogo. Alizipitia zote, kisha akaniuliza picha ya mama yangu ni ipi.

Nikamjibu kwa neno la baba. Haipo.