Maneno ya Kumwambia Kuku

Iko siku moja naikumbuka kila nikishika kalamu, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi madarasa mawili tu, kwa kuwa mimi namaliza mwaka huu na wewe ndiye utakayebaki na kikundi cha maigizo hapa Issenye. Ana kwa ana nisingeweza kukwambia. Unanijua, nikiitwa mbele hata jina langu hunipotea. Kwa hiyo naandika.

Tulikuwa tumechagua riwaya ile ya zamani ya ukoo mmoja, ambamo baba mkwe anataka kuuza ng'ombe wa kulimia na mke wa mwanawe anamkataza. Nilipewa kazi ya kuigeuza iwe mchezo wa siku hizi, tuucheze kwenye mahafali mbele ya wazazi. Mimi nikadhani kuileta siku hizi ni kumpa kila mtu simu. Simu nikawapa, na mzee nikamwandikia bodaboda ya kufika nayo. Ila hotuba ya yule mke, kurasa nzima, sikuigusa, maana niliipenda mno: anasimama mbele ya mzee na kumwambia yote usoni.

Mazoezi hayakushika. Kila tukifika kwenye hotuba waigizaji wanacheka, wanaangalia chini, wanasahau. Mwalimu akasema Ijumaa ataangalia mara ya mwisho. Ikiwa bado, kwaya itachukua nafasi yetu. Wiki ile sikutulia. Nilikula nimesimama. Niliandika, nikafuta, nikaandika yale yale.

Alhamisi bibi yangu akaja kutoka Mbalibali kuniletea viazi, akakaa nyuma ya darasa kututazama. Hotuba ilipoanza akavuta kanga usoni. Ilipokwisha akaniita.

"Bhoke, huyo mwanamke hana kwao?"

Nikamjibu kwamba ndivyo kitabu kilivyo, na kwamba haya ni mambo ya siku hizi.

"Siku hizi hizi, mke wa kaka yako anaweza kumsogelea baba yako hivyo?"

Hawezi. Hata chai humwekea na kurudi nyuma bila kumtazama. Nayaona kila likizo, na sikuwahi kuyaandika.

"Mimi nilikaa na baba mkwe wangu mpaka tukamzika," akasema, "na sikubakiza neno. Nilikuwa namwambia kuku."

Akanisimulia. Mzee huyo naye aliwahi kutaka kuuza ng'ombe wa jembe. Bibi akatoka na mahindi, akawamwagia kuku karibu na kiti cha mzee, akamgombeza jogoo: "Wewe, ukiuza mbawa utaruka na nini?" Mzee hakugeuka. Alikohoa tu, na ng'ombe hawakuuzwa. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya bibi iliua.

Nikaichana ile hotuba, na iliniuma. Ijumaa mzee wetu alikaa kwenye kiti cha plastiki, ametupa mgongo, anachezea simu. Mke akamwaga mahindi na kumsema jogoo tuliyemwazima kwa mke wa mwalimu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema kwaya itaimba baada yetu.

Siku ya mahafali nilijificha nyuma ya pazia nikichungulia na kuuma kucha. Baba alikuwa mstari wa mbele. Jogoo aliposemwa, nikasikia kikohozi. Hakikutoka jukwaani. Alikuwa baba. Na wifi yangu, aliyekaa mbali nyuma yake, alikuwa amejifunika kanga, ila mabega yalikuwa yanacheka.

Basi, mwanangu, ukipewa kitabu cha zamani, usianze kuuliza wahusika washike simu gani. Uliza kwenu neno kama hilo hupitia wapi mpaka limfikie anayepaswa kulisikia. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Andika ile unayolala. Na moyo usipotulia usiuogope. Wangu haujatulia hata sasa.

Mungu akupe masikio ya kusikia hata usiyoambiwa wewe, na mkono usioona uchungu kufuta. Na siku yako ikifika, akohoe yule ambaye maneno yanamhusu.